Simu haichomi sindano

Ndugu Mhariri,

Kuongea na tabibu kwa simu kumewasaidia wanaoona haya kukaa kwenye benchi la zahanati na kueleza kwamba wanatokwa na usaha. Haya hiyo ndiyo inayochelewesha tiba ya magonjwa ya zinaa, hivyo hatuipingi huduma. Tunapinga mazungumzo yanayoishia kwenye jina la kidonge na "nenda duka la dawa".

Kisonono hutibiwa kwa seftriaksoni, sindano ya msuli. Azithromaisini peke yake, kidonge kinachouzwa kama peremende, haiaminiki tena kwa kuwa vijidudu vimeanza kuizoea. Usaha ukipungua mgonjwa hudhani amepona, kumbe bado anaambukiza. Kaswende ya mwanzo nayo tiba yake ni penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, sindano ya msuli vilevile. Kidonda chake hakiumi na hujifunga chenyewe. Picha ambayo mgonjwa atamtumia tabibu kwa simu wiki chache baadaye itaonyesha ngozi safi ilhali ugonjwa umo mwilini. Lazima damu ipimwe.

Klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ndiyo inayokubali tiba ya mbali: doksisaiklini miligramu 100 mara 2 kwa siku, siku 7. Mjamzito hapewi hiyo, basi mwanamke aulizwe kwanza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini.

Sampuli za kisonono na klamidia mgonjwa anaweza kujichukulia. Mwanamke hujipangusa ukeni kwa kijiti cha pamba cha maabara, na jibu huwa la kuaminika kama la muuguzi. Mwanamume akae angalau saa 1 bila kukojoa, kisha akinge mkojo wa mwanzo kabisa, mililita 20 hadi 30. Hapa wengi hukosea: wamezoea kumwaga wa mwanzo na kukinga wa katikati, au hujaza kopo hadi juu. Vijidudu vinamwagwa au vinazimuliwa, na majibu yanasema hana kitu.

Mwanamke anayeumwa chini ya kitovu aje siku hiyohiyo. Korodani iliyoanza kuuma ghafla isisubiri hata kidogo: huenda imejisokota, na muda wa kuiokoa ni kama saa 6 tangu maumivu yaanze. Dawa kinga za VVU nazo huanzwa ndani ya saa 72 tangu mtu alipojiweka hatarini kuambukizwa.

Tunaomba kila anayetoa huduma hii awe na zahanati aliyokubaliana nayo kuchoma sindano, na amuulize mgonjwa kuhusu wenza wake wote wa siku 60 zilizopita. Ujumbe wa majibu usitaje ugonjwa. Useme tu "piga simu kliniki". Simu za nyumbani hushikwa na wengi.

Matabibu wa zahanati,
Tanga