Gunia linabaki mbele ya mlango wa nani?

Bukavu, Jumapili jioni

Yaya mpendwa, mkubwa wangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule kijana aliyeshuka na ndege, pamoja na kitenge. Kitenge kiko kwa fundi tayari. Barua nimeisoma mara tatu, na ni ile mistari ya mwisho iliyonikalisha mezani leo. Unaniuliza mwalimu wa chuo kama mimi, na utafiti wangu, anatafuta nini kwenye vijito vya takataka, tena unauliza kama kweli serikali, wafanyabiashara na wakaaji wanaweza kushika kazi moja bila mmoja kumtwika mwenzake. Nikuambie niliyoyaona.

Unakikumbuka kijito cha Kawa, kinachoshuka toka komini ya Kadutu hadi ziwani. Siku hizi mvua ikinyesha kinabeba sashe za plastiki, chupa, viatu, hata godoro. Na Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi. Kila kinachoelea kinavutwa polepole huko, hadi kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza pale Mururu, ambalo limetupatia kuranti, umeme wetu, tangu miaka ya 1950. Plastiki inaziba vyuma vinavyochuja maji, mashine inasimamishwa ili isafishwe, kuranti inakatwa, ndiyo delestaji, na sisi tunawasha mishumaa. Chini yake kuna Ruzizi ya pili, ya mwaka 1989, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi zinaitumia pamoja. Kwa hiyo uchafu wa mlimani kwetu ni shauri la nchi tatu.

Mwaka jana niliwapeleka mama watatu wa avenyi moja, mtaa mmoja wa Kadutu, kuliona bwawa. Wanaume walikuwa kwenye mtumbwi wanavuta plastiki kwa kulabu. Mmoja wa wale mama, anayeuza makala ya kupikia, alinyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, "Kumbe delestaji tunaitupa wenyewe." Nililiandika neno hilo kwa herufi kubwa nikidhani utafiti umepata kichwa chake. Tukiwa njiani kurudi akanigeukia: "Basi mwalimu, sasa tutupe wapi?"

Yaya, sikuwa na la kumjibu. Avenyi yake ni ngazi za udongo toka juu hadi chini, gari halifiki. Ili kufika mahali ambapo lori linaweza kusimama, mtu ashuke nusu saa na mzigo mgongoni, na yeye ametoka sokoni usiku na watoto hawajala. Kijito kiko hatua kumi toka jikoni.

Ndipo nikamwomba injinia mmoja wa bwawa apande kwake. Miaka yote amepigana na takataka hizi akiwa kule chini, hakuwahi kukanyaga zinakotoka. Alipanda kwa shida, akakaa kwenye kiti cha mama wa makala, akahesabu nyumba, akauliza kila nyumba inatoa kiasi gani kwa siku. Mwishoni akasema pesa wanazotoa kwa mitumbwi, glavu na wapiga mbizi zingefanya mengi kama zingeanzia hapa. Kisha akatikisa kichwa: katika bajeti yao kuna mstari wa mashine, wa mtumbwi, wa mafuta, mstari wa kilima haupo. Angetaka kutoa hata dola mia moja, angeziandika wapi? Utafiti wangu, ukiniuliza, umo kwenye mstari huo usiokuwepo.

Kwa mfanyabiashara nilienda na hasira, nisikufiche. Anafunga maji kwenye sashe, na nilibeba dekreti ya serikali ya Desemba 2017 inayokataza mifuko na vifungashio vya plastiki. (Wenzetu wa Rwanda waliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, ukivuka daraja la Ruzizi unaiacha mpakani.) Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akafungua droo na kunipangia risiti mezani, kodi ya usafi huku, kodi ya mazingira kule. "Nionyeshe pubeli moja ya takataka iliyonunuliwa kwa pesa hizi." Sikuweza. Nilimwambia hata hivyo sashe zake naziona kwenye Kawa kila wiki, na hakubisha. Alikubali kutoa magunia kila mwezi. Karatasi alikataa kutia sahihi, kwa sababu jina lake likiandikwa mahali kuwa yeye ni msaidizi wa usafi, kesho atatokea mtu mwingine na risiti nyingine. Zamani ningeandika kwamba huyu hana nia. Leo naandika kwamba anaogopa, na kwamba woga wake una sababu.

Basi tukaanza. Vijana wa avenyi walibeba magunia hadi barabarani, kila nyumba ikawalipa kidogo kwa mwezi, na lori la huduma ya umma likapaswa kuja Jumatano na Jumamosi. Miezi mitatu ilikwenda vizuri. Watu walianza kukemeana pale kijitoni bila mimi kuwepo. Halafu lori likakosa mafuta, na hakuna aliyetuambia. Magunia yakarundikana, mbwa wakayapasua, wenye nyumba za barabarani wakawatukana vijana, mmoja akapigwa. Wazazi wakaacha kulipa. Baadaye nikasoma katika ripoti ya mkutano kwamba "jamii haikushiriki ipasavyo". Sentensi hiyo bado inaniuma.

Profesa anayeniongoza alinipa kusoma kazi za Elinor Ostrom, yule mama wa Marekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Miaka ya 1970 yeye na wanafunzi wake walizunguka Indianapolis wakilinganisha vikosi vidogo vya polisi vya mitaa na kikosi kikubwa cha jiji, wakakuta vile vidogo mara nyingi vinawafaa watu zaidi. Alielewa kwamba usalama hautengenezwi na polisi peke yake. Anautengeneza pamoja na raia anayefungua mlango na kusema alichokiona. Nilipenda sana fikra hiyo. Hapa Kadutu imenibidi nimuulize swali moja la ziada: mmoja akikosa kuja, gunia linabaki mbele ya mlango wa nani? Lori likikosa, dereva analala kwake salama. Mwenye magunia anaendelea kuuza maji. Aliyepigwa ni kijana wa avenyi.

Tulianza upya mwezi wa pili. Daftari la pesa linashikwa na mama wa makala, limeandikwa kwa Kiswahili, na kila mmoja anaweza kulifungua. Sehemu ya mchango haiguswi. Ni ya kukodi gari siku lori likikosa. Na tumekubaliana na watu wa lori kwamba wasipoweza kuja Jumamosi, wapige simu Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wamekosa mara mbili, na mara zote mbili walipiga simu. Simu hizo mbili nazithamini kuliko makubaliano yote ya kurasa ishirini niliyowahi kusoma.

Sasa nawe unisaidie. Huko Lubumbashi umekaa miaka kwenye ofisi inayoshughulika na vijiji vya karibu na migodi. Sheria ya migodi ya 2018 inadai kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na iandikiane nazo kitabu cha ahadi. Nataka kujua mambo ambayo sheria haiyasemi. Mkutano unafanyika kwa lugha gani? Nani anaandika kumbukumbu? Umewahi kuona kijiji kikikataa mradi, na kikasikilizwa? Niandikie hata yale ya aibu. Jina lako halitaingia popote.

Mama wa makala ameniomba sura ya utafiti wangu inayohusu avenyi yake nimsomee kwa Kiswahili kabla sijaipeleka chuo, atengeneze palipokosewa. Nitaisoma kwenye baraza lake siku inayokuja ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Kama jibu lako litafika mapema nitamsomea na hilo, maana ameshauliza kama huko kwenu nako wana daftari.

Wasalimie watoto na shemeji.

Mdogo wako wa Bukavu