Kwenu nyumbani, kuhusu Mama

Asalaam aleikum dada, na Baba, na wadogo zangu wote. Mi mzima kwa uwezo wa Mungu, yaani mwili ndo mzima, mengine tusiongee.

Dada naandika badala ya kupiga maana kila nikipiga tunalia wote wawili afu tunakata hatujaongea kitu. Siku ya mazishi nilikuwa naangalia kwa video, dogo kashika simu anatetemeka, nikawa naona mara mbingu mara viatu vya watu, mwisho naskia udongo tu. Nilitaka kusema msubirini nije, nikanyamaza, maana maiti hacheleweshwi na Mama mwenyewe angenigombeza. Jioni nikaenda msikitini tukamswalia swala ya ghaibu, ile ya kumswalia maiti aliye mbali, imamu na mimi na watu wanne ambao hawajawahi kumuona, mmoja akaniuliza mama anaitwa nani ili amtaje kwenye dua. Hapo kwenye kulitaja jina ndo nikashindwa.

Kuna mtu huku akaniambia eti kulia ni kukosa subira. Sikumjibu, ila we jua si kweli, Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika lakini hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kinachokatazwa ni kuomboleza kwa makelele na kujichania nguo. Kwa hiyo Baba akilia usiku mwacheni alie jamani, msimwambie jikaze.

Sasa lililonifanya niandike. Kuna swahaba Saad bin Ubada, mama yake alifariki yeye hayupo, kama mimi tu, aliporudi akamuuliza Mtume je nikimtolea sadaka itamfaa? Akaambiwa ndiyo, akatoa bustani yake hapo hapo. Dada nimeisoma hiyo habari sijui mara ngapi, maana nilikuwa nawaza mtoto aliyekuwa mbali ndo basi tena. Bustani sina, lakini kabla ya sadaka kuna madeni, deni ndo linatangulia, kwa hiyo naomba uangalie lile daftari lake, kila jina lililoandikwa mle hata kama ni kidogo cha kuchekesha niambie nilipe. Na zile funga 6 alizokuwa hajalipa za mwaka ule alioumwa akapona, aliniambia mwenyewe, hizo nimezichukua mimi. Nimeshafunga 2. Msigawane, niachieni.

Na yule rafiki yake wa kila jioni, msimuache akakaa peke yake, mpelekeeni salamu, mkae naye. Kuwaunga marafiki wa mzazi aliyeondoka ni katika kumtendea wema mzazi mwenyewe. Mi pia nipeni namba yake.

Dada na wewe. Watu wananipa pole wanasema ulimtunza mama, nasikia aibu, mi nilikuwa natuma hela, hela ni kubonyeza simu. Wewe ndo ulikuwa unamgeuza usiku asipate vidonda, wewe ndo ulimshikia kikombe, wewe ndo ulimwosha mara ya mwisho na mikono yako. Sijawahi kukuambia asante hata siku moja, nilikuwa nauliza tu dawa amekunywa? kama vile wewe nesi niliyekuajiri. Nisamehe. Mungu akulipe, mi siwezi.

Mimi nimebaki na voisi yake ya mwisho, sekunde 42, umeswali? umekula? mbona kimya? Ilikuja niko kazini nikasema nitajibu baadaye. Kila nikimaliza swala namjibu sasa, Rabbi irhamhuma kama rabbayani saghira, Mola wangu uwarehemu kama walivyonilea nikiwa mdogo, na Baba yumo humo humo maana dua ni ya wote wawili, wala haisubiri mtu afe, mwambieni.

Simu ya Mama msiifute vitu vilivyomo, na laini yake muweke vocha mara moja moja isifungwe. Najua haina maana, wekeni tu.

Nitapiga Ijumaa baada ya swala. Mshikieni Baba simu sikioni, yeye huwa anaongea na kioo.

Ni mimi kaka yenu