Shoga angu, hayo si mafua tu

Shoga angu,

Salama lakini? Mama hajambo, na wadogo zako? Mimi huku Uingereza mzima, baridi tu ndo imeanza kuuma, saa kumi na moja jioni giza kishaingia.

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Ulivyocheka niliposema nimechomwa chanjo ya mafua, "mafua haya haya ya tangawizi na limau?", nikaona huyu simjibu kwa voisi, namwandikia.

Jina ndo linatuponza. Kwetu pua ikivuja mafua, ukipiga chafya mafua, kwaiyo ukisikia yana chanjo unaona watu wamekosa kazi. Haya ninayosema mimi ni influenza, inayokulaza na homa, viungo vinauma mpaka kugeuza shingo kazi, na Shirika la Afya Duniani wanakadiria watu 290,000 mpaka 650,000 wanakufa kila mwaka kwa matatizo ya kupumua yanayoletwa na hayo hayo "mafua tu".

Na usidhani wanafunzi wa unesi huku wanafikiri tofauti na wewe. Mwaka wa kwanza tulikuwa tunakaa kantini tunaambizana, huyu anasema mimi bado kijana sina pumu sina sukari, yule anasema mwaka jana nilichomwa nikaumwa wiki nzima, mwingine ooh mbona waliochanjwa nao wanaugua. Watu ambao asubuhi wametoka kusoma kinga ya mwili! Mi nilikuwa mmoja wao. Alafu hata anayetaka anahangaika, manake chuo kinadhani hospitali itatuchanja, hospitali inadhani chuo kimeshatuchanja, unaishia kuona toroli la sindano likipita koridoni na wewe uko bize kubadilisha mashuka, shifti inaisha, basi tena.

Basi mwaka ule ule nikiwa fildi wodi ya wazee, kulikuwa na bibi mmoja mapafu mabovu, ana mipira ya oksijeni puani. Alikuwa hali mpaka akae mtu pembeni yake. Mi ndo nilikuwa namlisha uji, kijiko kimoja, anapumzika, anapumua, ananiangalia kama ananiomba radhi kwa kunichelewesha, kijiko kingine. Siku hiyo koo lilikuwa linaniwasha kidogo tu nikasema ni hita hizi zinakausha hewa. Usiku homa 39, natetemeka chini ya mablanketi mawili. Nikakaa nyumbani siku sita. Narudi, kitanda chake kuna mtu mwingine, nauliza naambiwa alipata nimonia kahamishwa wodi, na zaidi ya hapo sikuambiwa. Shoga, sijui kama ilitoka kwangu, hakuna anayeweza kujua, wodi ina watu wengi na wageni wanaingia na kutoka. Lakini mtu wa influenza anaambukiza tangu siku moja kabla hajaanza kuumwa, na mi nilikuwa nimemuinamia usoni nusu saa. Mpaka leo nikishika bakuli la uji namkumbuka.

Ndo nikaanza kuuliza vizuri. Hii ya sindano virusi vyake vimeshauliwa, haiwezi kukupa influenza hata ufanyeje, mkono utauma, labda na kihoma cha siku moja mbili. Wanaosema iliwaumiza wengi walichomwa mwezi wa kumi ambapo kila mtu ana kikohozi cha virusi vingine, na kinga yenyewe inachukua kama wiki mbili kujengeka. Kuhusu kufanya kazi sikudanganyi, mwaka ambao aina zilizochaguliwa zimelingana na zinazozunguka inapunguza hatari ya kuumwa influenza mpaka uende kwa daktari kwa kama asilimia 40 mpaka 60, isipolingana inashuka, sababu aina za msimu wa huku wanachagua mwezi wa pili na virusi vinaendelea kujigeuza. Nusu si kitu kidogo ukiwa umesimama mbele ya mtu asiye na pumzi ya kupoteza.

Wewe sasa uko fildi wodi ya watoto. Kichanga chini ya miezi sita hachanjwi kabisa hii, kinga yake ni mama yake akichanjwa akiwa mjamzito, na nyie mnaomshika. Najua kwetu haimo kwenye ratiba ya kawaida, na hospitali binafsi inataka hela, wala sikulazimishi utoe posho yako. Ila muulize sista wenu wa zamu kama kuna namna wanafunzi mnaweza kupata, na koo likikuwasha siku hiyo sema, omba wakupe kazi ya mbali na vichanga au hata ukae nyumbani, usione aibu kwamba watakuita mvivu.

Akikujibu niambie amesemaje. Na unitumie picha ya kadi ya mwaliko wa harusi ya dada, mama anasema mmeshazisambaza.

Mwenzio wa siku zote