Mwandishi wenu wa filamu amewakosea Wapunjabi

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka kumi na minane nimelisoma gazeti lenu nikiwa hapa Surrey, karibu na Vancouver, Kanada, bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo imenibidi. Mwandishi wenu aliyeichambua filamu ya Deepa Mehta ya mwaka 2015, Beeba Boys, inayohusu genge la vijana wa Kipunjabi wavaao suti za rangi kali, alidai kwamba vijana wa Kipunjabi wa Vancouver huingia kwenye magenge kwa sababu ya umaskini wa wahamiaji.

Mimi ni Kalasinga wa Nakuru. Hapa Surrey nilikaa jirani na familia ambayo baba aliendesha lori na mama alichuma matunda mashambani, hadi wakamaliza kulipia nyumba yao. Kijana wao hakukosa chumba, karo wala gari, na alipigwa risasi ndani ya gari hilohilo akiwa na miaka 19. Siku ya kuchomwa mwili wake, mama yake alikishika kitambaa cha kilemba cha mwanawe, akawa anakikunja na kukikunjua muda wote wa ibada, huku nje ya ukumbi vijana wawili wakipiga picha magari ya waombolezaji. Tangu hapo siwezi kumtazama muuaji aliyevalishwa suti ya rangi kali, na nimeumia kumsoma mwandishi wenu akizisifu suti hizo kwa aya mbili nzima. Si njaa iliyompeleka yule kijana kwenye genge. Ni fedha za haraka za dawa za kulevya, ni marafiki, ni hamu ya kuogopwa, na wazazi wake, waliotoka alfajiri na kurudi usiku, hawakujua lolote mpaka polisi walipobisha hodi.

Tena, kwa nini tuitwe "Wahindi" tu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba hatuna historia yetu huku? Meli ya Komagata Maru ilifika Vancouver mwezi Mei 1914 ikiwa na abiria 376 wa asili ya India waliotaka kuhamia Kanada, wengi wao Makalasinga, ikazuiwa bandarini miezi miwili, kisha ikarudishwa na karibu wote waliokuwamo. Serikali ya Kanada iliomba radhi bungeni mwaka 2016. Haki ya kupiga kura tuliipata mwaka 1947 tu. Mwaka 2000 Ujjal Dosanjh, mzaliwa wa Punjab, India, akawa waziri mkuu wa jimbo hili la British Columbia. Hayo yote hayakupata hata sentensi moja.

Naomba mumtume mwandishi huyo Abbotsford, si mbali na hapa, kwenye gurudwara, yaani hekalu la Makalasinga, iliyojengwa mwaka 1911, ambayo mbao zake zilibebwa mabegani na wafanyakazi Wapunjabi wa kiwanda cha mbao. Aje Jumapili, avue viatu, afunike kichwa, ale dengu na chapati pamoja na watu, kisha aoshe sahani kwa saa tatu kando ya akina mama na awaulize kuhusu watoto wao. Ndipo aandike upya, katika ukurasa uleule.

Msomaji wenu,
Surrey, British Columbia