Kwa Nini Fataki za Dakika Tano Zina Bei Hiyo

Kila msimu wa harusi, na zaidi baada ya mkesha wa Mwaka Mpya, hutufikia lalamiko lile lile: fataki zimekwisha wageni wakiwa bado wanatafuta simu zao, nasi tumetoza fedha nyingi. Mteja mmoja wa Diani alitamka wazi kwamba ameibiwa, na anastahili jibu kamili.

Ndani ya kila tufe la karatasi tunalorusha angani, mafundi, wengi wao wa Liuyang nchini China, wamepanga vidonge vya kemikali kwa mkono. Strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani, na shaba buluu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa moto ukizidi, mchanganyiko wa shaba huvunjika na rangi ikafifia. Ukiona buluu iliyokolea, hapo pana fundi aliyepima kwa makini.

Kwetu sisi kazi huanza mchana. Tufe la inchi 3 hupanda karibu mita 100, kwa hiyo wageni tunawaweka umbali usiopungua mita 65. Tunafukia mchangani mirija ya kurushia matufe, tunaunganisha tambi za kuyawashia, na tunauchunguza upepo, maana majivu ya moto wakati wa kusi hayaendi yanakokwenda wakati wa kaskazi, na hoteli nyingi za pwani zimeezekwa kwa makuti. Onyesho likiisha, hatugusi tufe lililogoma kulipuka mpaka nusu saa ipite.

Mwenye shughuli akiiona bei, mara nyingi hununua maboksi ya fataki mwenyewe na kumkabidhi kijana wa nyumbani kiberiti. Katika harusi moja ambayo tuliitwa baadaye kusafisha uwanja, boksi liliwekwa juu ya mchanga bila kuegemezwa kitu. Mishindo ya kwanza ikaliangusha, na iliyobaki ikaelekea kwenye hema. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia, lakini fidia ya hema ilipita bei tuliyokuwa tumewatajia.

Anayetaka nafuu atuambie, nasi tutapunguza idadi ya matufe, ila si umbali wala walinzi wa uwanja. Penye nafasi finyu tunashauri fataki za ardhini zinazomwaga cheche, ambazo zikipangwa vizuri hupendeza sana bwana na bibi harusi wanapoingia. Kwa kuwa hapa Kenya fataki ziko chini ya Sheria ya Vilipuzi na kibali huchukua muda, tafadhali tuleteeni tarehe na mahali mapema, si wiki ya harusi.