Shukrani kwa Wote Mliosimama na Simsim: Salamu za Familia, Ganda, Malindi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Asalaam aleikum ndugu, jamaa, majirani na marafiki, wa karibu na wa mbali.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Basi sisi familia ya Ganda, babu, bibi, watoto na wajukuu, twaja mbele yenu na shukrani kwa ajili ya mbwa wetu Simsim, ambaye leo yuko nyumbani, anakula vizuri, na mguu wake wa nyuma ameanza kuukanyagia. Alhamdulillahi.

Wengi mmemchangia bila ya kumjua. Simsim aliokotwa jaani na mjukuu wetu, kando ya barabara ya Sala Gate, kijibwa kidogo aliyefungwa kamba shingoni mpaka ikazama nyamani. Jina alipewa kwa rangi yake. Babu alisema, akipona atachunga mbuzi. Alipona akachunga, na usiku hakuna mgeni anayelisogelea zizi bila ya sisi kujua.

Magharibi ile mbuzi walichelewa kurudi. Babu alikuwa akiwavusha barabara, Simsim nyuma yao kama ilivyo ada yake, ikaja pikapu isiyowasha taa. Mbuzi walivuka wote. Simsim hakuvuka. Gari halikusimama.

Usiku ule hatutausahau. Paja lilikuwa likining'inia, na kila akiguswa alilia kilio ambacho bibi hakuweza kukistahimili, akatoka nje na tasbihi yake. Jirani kwa huruma alileta vidonge vya maumivu, hivi tunavyomeza sisi watu. Mungu ambariki daktari wa mifugo aliyepokea simu yetu saa zile akatuzuia, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo humuunguza mbwa tumbo na kumharibu figo. Akatwambia tusiuvute mguu wala tusiufunge banzi, tumlaze juu ya ubao tumlete mjini vivyo hivyo. Tuling'oa mlango wa banda la kuku, tukamlaza hapo.

Lakini nani atampakia mbwa anayevuja damu? Tuliwapigia watu kadhaa, na hatuwalaumu waliokataa. Aliyekuja ni kijana wa tuktuk wa Maweni. Sisi hapa pwani ni Mashafii, na sote twajua mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Yeye alijua hayo kuliko sisi. Alikunja kanzu yake, akashika upande mmoja wa ule mlango, akatupeleka taratibu akikwepa kila shimo. Asubuhi alikutwa anaosha tuktuk yake kwa maji na mchanga, akihesabu kwa sauti. Nauli aliikataa. Kijana wetu, mama aliyekuzaa amezaa. Allah akufungulie milango ya riziki usiyoitarajia.

Daktari wa Malindi alimtuliza kwa sindano na dripu, kisha akatueleza ukweli: ni fupa la paja, na hilo plasta hailishiki, kwa sababu huwezi kuifunga nyonga isitikisike. Lahitaji eksirei, kisha operesheni ya kutiwa bamba la chuma na skrubu, Mombasa. Kilomita kama 120, na Simsim akiugua kila gari linaporuka tuta. Foleni ya Mtwapa tuliiona ndefu kuliko safari yote.

Mombasa tulikuta mtihani mwingine. Damu yake ilipopimwa alionekana ana homa ya kupe, na chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimeshuka mno. Akipasuliwa hivyo, angeweza kuvuja damu mpaka kufa. Ilibidi apewe doksisaiklini na kungojewa, na kungoja nako kuna gharama ya kila siku. Wakati huohuo mfupa haungoji, kwani misuli hujikunyata na ncha zikaanza kuungana kombo. Hizo ndizo siku zilizokuwa nzito kwetu. Beberu alikuwa ameshauzwa. Simu ya daktari ikilia, kila mtu alimtazama mwenziwe nani aipokee. Babu hakusema neno, ila kila Alfajiri alikwenda kukaa penye kile kibanda kisicho na mlango.

Tulipotoa ombi la mchango, maneno yalikuja pia. Pesa za mbwa, na watu wana njaa? Swali hilo si baya, nasi si matajiri, twaijua njaa. Lakini huyu ni kiumbe tuliyemuokota kwa mikono yetu, akaumia akitufanyia kazi. Ustadh wetu, Mungu amzidishie elimu, alilijibu vizuri kuliko sisi. Baada ya Alasiri aliwasomea watu hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Maswahaba wakauliza, hata kwa wanyama tuna ujira? Mtume akajibu kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, mna ujira. Hakututaja jina. Alisoma akanyamaza. Kabla ya Isha simu ya mjukuu wetu ilikuwa haiishi kulia kwa jumbe za M-Pesa.

Tunawashukuru, kwa haraka kwa kuwa mu wengi: ndugu wa Mambrui, Takaungu, Lamu na Mombasa, jamaa walioko Maskati na Dubai, vijana wa boda wa steji ya Ganda, kina mama wa chama, wauza samaki wa Shella ya Malindi, walimu wa skuli, waumini wa kanisa la jirani, waliopitisha kikapu Jumapili kwa ajili ya mbwa wa Waislamu, watoto wa madrasa, walioleta mkebe wa maziwa umejaa sarafu, mzee wa Kitaliano wa Casuarina aliyetuazima kizimba cha kumpumzishia, na mpaka leo hajakidai, madaktari na wauguzi wa mifugo, Malindi na Mombasa, pamoja na yule aliyekuwa akimlisha kwa mkono.

Lazima tumtenge mama wa mahamri wa kona ya Maweni. Mauzo ya asubuhi nzima aliyafunga kwenye leso akayaleta mwenyewe kwa miguu, na tulipotaka kumrudishia nusu alikasirika kweli. Na jirani yetu wa Kigiriama, mzee mwenzake babu, alilala zizini kwetu muda wote tuliokuwa Mombasa, mbuzi wake mwenyewe akiwaachia wajukuu. Mzee, hatuna la kukulipa. Mungu akupe umri na afya.

Chembe za damu zilipanda, operesheni ikafanywa, na Simsim akazinduka kwenye nusukaputi akitafuta maji. Bili yote imelipwa, na karatasi zake ziko kwa bibi, mchangiaji yeyote anakaribishwa kuzitazama. Kilichobaki, kwa shauri la wachangiaji wenyewe, kinanunua chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbwa wa majirani wasio na uwezo. Kenya imejiwekea shabaha ya kuumaliza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030, na watoto wetu ndio wanaoumwa zaidi. Inshallah kila mwenye mbwa hapa mtaani atajulishwa siku.

Sasa tunaomba radhi, na tunaiomba kwa moyo wote. Wako waliotoa mkononi, gizani, wasiseme jina. Wako waliotutaka tusiwataje, na tumeheshimu. Wako walioomba dua tu, nao wametoa kikubwa. Wako waliompa mtoto barabarani amletee babu, na mtoto hakumjua aliyempa. Kama wewe ni mmoja wao, au ulipiga simu usipokewe, au ulikuja ukatukuta hatupo, tafadhali utusamehe duniani na akhera. Kutotajwa hapa si kusahauliwa. Mwenyezi Mungu ana daftari lisilopotea jina.

Wanaotaka kuja kumwona, karibuni baada ya Alasiri. Daktari ameamuru akae kizimbani wiki sita mpaka nane, asiruke wala asikimbie, kwa hivyo watoto tunaomba wasimchangamshe.

Jazakumullahu kheri. Wabillahi tawfiq.

Ni sisi, familia ya Ganda, Malindi.