Stiff Little Fingers hawakufanya biashara ya damu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala ya ukurasa wako wa burudani kuhusu bendi za punk, ule muziki wa roki wa kasi na wa hasira, za miaka ya 1970, na ninaomba nafasi nijibu sehemu moja tu, pale mwandishi aliposema, kwa mistari miwili na bila ushahidi wowote, kwamba bendi ya Stiff Little Fingers ya Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, ilijipatia jina kwa kufanya biashara ya damu ya watu wao, yaani kuuza nyimbo kwa kutumia mauaji ya mji wao. Shutuma hiyo ni ya zamani. Ilianza kusikika wakati ule ule albamu yao ya kwanza, Inflammable Material, ilipotoka Februari 1979, na miongoni mwa walioitoa shutuma hiyo walikuwemo wanamuziki wenzao wa Ireland ya Kaskazini.

Msingi wake ni kwamba sehemu ya maneno ya nyimbo zao iliandikwa na Gordon Ogilvie, mwandishi wa habari aliyekuwa pia meneja wao, akishirikiana na mwimbaji na mpiga gitaa Jake Burns. Wakosoaji wakaona kuwa maneno yaliyopitia kalamu ya mwanahabari hayawezi kuwa kilio cha kweli cha kijana wa mtaani. Kwa msomaji aliyelelewa na taarab hoja hii haina uzito, kwa kuwa tumezoea malenga atunge na mwimbaji aimbe, wala hatujapata kumwambia mwimbaji kwamba uchungu wake ni wa kuazima. La kuuliza ni kama maneno yenyewe yalilingana na hali ya mji ule.

Na hali ilikuwa hivi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Belfast ilikuwa katika mapigano kati ya vikundi vyenye silaha vya upande wa Wakatoliki, vya upande wa Waprotestanti, na majeshi ya serikali ya Uingereza. Katikati ya mji palizungushiwa mageti ya chuma, na mtu aliyekwenda dukani kununua shati alipekuliwa kwanza. Mwezi Julai 1975 wanamuziki watatu wa bendi ya Miami Showband waliuawa usiku barabarani, walipokuwa wakirejea Dublin kutoka kwenye onyesho, baada ya gari lao kusimamishwa na wanamgambo waliovaa sare za jeshi. Vijana waliopanda jukwaani Belfast miaka michache baadaye walijua wazi kwamba gitaa halikuwa kinga, na bado waliimba dhidi ya wenye bunduki wa pande zote. Katika wimbo wa Wasted Life kijana anakataa kuwa askari wa mtu yeyote, awe wa serikali au wa vikundi vya mitaani. Mwenye kutafuta biashara angechagua upande mmoja, kwa sababu kila upande ulikuwa na wanunuzi wake.

Ninaloliona kuu zaidi, na ambalo makala haikuligusa kabisa, ni wimbo wa Johnny Was. Ni wimbo wa Bob Marley, wa mama anayemlilia mwanawe aliyeuawa kwa risasi iliyopotea njia. Vijana hawa waliuchukua, wakaurefusha hadi ukapita dakika nane, wakautanguliza kwa ngoma inayopigwa kama ya gwaride, kisha wakaitaja Belfast kwa jina mahali risasi inapolia. Mama wa Jamaika na mama wa Ireland wanalia msiba mmoja, na katika dakika zote hizo mwimbaji hasemi marehemu alikuwa Mkatoliki au Mprotestanti. Nawasihi wasomaji wausikilize wimbo huu mpaka mwisho kabla ya kukubali neno biashara.

Kuhusu fedha zenyewe, albamu hii haikutolewa na kampuni kubwa. Kampuni moja kubwa iliwapa matumaini kisha ikawaacha, na uchungu huo umo ndani ya wimbo wao uitwao Rough Trade, ambao wengi hudhani unawasema waliowatolea santuri. Waliowatolea ni kampuni ndogo iitwayo pia Rough Trade, ya Geoff Travis, iliyoanza mwaka 1976 kama duka la santuri magharibi mwa London, na ambayo iligawana faida nusu kwa nusu na wasanii wake baada ya kuondoa gharama. Inflammable Material ndiyo iliyokuwa albamu ya kwanza ya lebo hiyo, yaani kampuni hiyo ya santuri. Ilifika nafasi ya 14 katika chati ya Uingereza, ikiwa ya kwanza kutoka lebo huru, isiyo chini ya kampuni kubwa, kuingia katika 20 bora, na ikauza nakala zaidi ya 100,000.

Sikatai kwamba baadaye walisaini mkataba na Chrysalis, kampuni kubwa zaidi, wala kwamba walihamia London huku mpiga ngoma wao Brian Faloon akiamua kubaki nyumbani. Hayo ni maamuzi ya kazi, na kila mwanamuziki hukutana nayo. Hayawezi kutumiwa kuihukumu albamu iliyokwisha kurekodiwa kabla yake.

Kwa hiyo ninaomba ukurasa wa burudani uirudie mada hii kwa nafasi ya kutosha, na mwandishi atakayepewa kazi hiyo aisikilize albamu nzima, nyimbo zote 13, na aeleze ni wimbo gani hasa unaoshabikia mauaji. Mimi sijauona.

Msomaji wako,
Mombasa